Marahaba Niliyompa Baba Mkwe

Jamani, kuna aibu ambazo mtu anazikwa nazo na hakuna anayejua, lakini hii yangu haizikiki, maana ukumbi mzima uliiona, kuanzia wazee wa Vuga mpaka akina mama waliotoka Mtae na gari la alfajiri, kwa hiyo bora niwaeleze mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mtu atakayeitia chumvi (ingawa, kusema ukweli, sijui hiyo chumvi ataitia wapi, imeshajaa). Mimi ni Elia, fundi bomba wa hapa Lushoto mjini, na kuna siku moja, kwa muda wa kama saa moja hivi, nilikuwa Profesa.

Ilikuwa mwezi wa saba, na nyie mnaijua baridi ya mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, ukitoa mkono nje unaurudisha una maji. Asubuhi hiyo nikapigiwa simu na dada mmoja, Daktari Rehema, nisiyemjua kabisa, akaniambia wako kwenye ukumbi fulani hapa mjini, pampu yao imegoma, na wana wageni saa nne. Nikadhani ni pampu ya kisima. Nikabeba begi langu la spana, nikaenda.

Nafika, naonyeshwa mtungi mkubwa wa kioo juu ya meza yenye kitambaa cheupe, na ndani ya mtungi imening'inia figo. Ndiyo, figo. Figo ya mbuzi, imechomekwa mpira mwembamba, nusu yake bado ina rangi ya nyama na nusu imekuwa nyeupe kama karatasi iliyoloa. Nikamtazama yule dada, nikatazama figo, nikamuuliza, "Dada, hii ndiyo pampu?"

Akacheka, akanieleza taratibu huku mimi nimelala chini ya meza nafuata mipira. Kumbe wako kundi zima: yeye kazi yake ni kuotesha chembe hai, zile ndogondogo zinazoujenga mwili, Injinia Kasimu ni wa mitambo, kuna daktari wa mifugo aliyemshughulikia mbuzi, na kuna Profesa, daktari wa upasuaji, mkubwa wao, ambaye alikuwa njiani anapanda kutoka Mombo. Wote hao wamekaa pamoja kwa sababu wanataka siku moja waweze kumtengenezea figo mtu ambaye zake zimekufa. Wanachukua figo ya mnyama, wanapitisha maji yenye sabuni maalumu polepole kwa saa nyingi, mpaka chembe zote za mnyama zinatoka na kubaki kiunzi kitupu cheupe, halafu ndani ya kiunzi hicho wanapanda chembe za mgonjwa mwenyewe. Huko kwenye kupanda ndiko wanakohangaika mpaka leo. Wamekuja milimani kuuliza watu wanasemaje, maana, kwa maneno yake, "hatutaki tumalize kutengeneza halafu ndiyo tuje kuuliza kama kuna anayeitaka."

Tatizo lenyewe lilikuwa dogo. Mpira ulipasuka safarini, kwenye zile kona za barabara ya kupandia huku. Nikakata kipande kibovu, nikaunga kingine, nikakaza klipu mbili, nikafungua koki mpaka mwisho ili nijaribu. Pampu ikavuma vizuri.

"Nusu tu, Fundi," akasema Daktari Rehema. "Ikienda kwa kasi sabuni itaumuka."

"Nusu, sawa," nikasema, na nilikuwa naunyoosha mkono kuirudisha nusu, kweli kabisa, ndipo simu yake ikalia.

Alikuwa Profesa. Mawe yameporomoka barabarani chini ya Soni, magari yamesimama, hajui atafika saa ngapi. Mtandao ukawa unakata, Daktari Rehema akakimbilia nje kutafuta mahali penye mawimbi, Injinia Kasimu alikuwa ameshaondoka kuazima jenereta endapo umeme utakatika, na yule wa mifugo alikuwa kwenye gari hilohilo la Profesa. Kabla hajatoka, Daktari Rehema aliniambia, "Fundi, kaa hapo uiangalie, tafadhali. Vaa hiyo kofia na barakoa, mtu asije akaikoholea." Nikavaa. Hayo aliniagiza.

La koti hakuniagiza mtu. Sweta langu lilikuwa limelowa kifua chote kwa yale maji ya chini ya meza, meno yanagongana, na kwenye kiti pale kulikuwa na koti jeupe limekunjwa vizuri, zito, la kitambaa kizuri. Nikajiambia, Elia, livae dakika tano tu, sweta likauke. Nikalivaa. Sikusoma hata maandishi ya bluu yaliyoshonwa mfukoni. Yalisema *Profesa*.

Basi wageni wakaanza kuingia, na kila anayeingia ananiona nimesimama peke yangu mbele, nimefunika uso, nina koti, nina figo. Wazee wananiinamia. Mama mmoja akaniletea chai na maandazi matatu kwenye sahani ya udongo, wengine wote wamepewa moja moja kwenye karatasi, na mimi (mnisamehe, sikuwa nimekula) nikashusha barakoa kidogo nikageukia ukutani nikala yote. Nilipogeuka, mshereheshaji, bwana mmoja mnene mwenye tai, alikuwa ameinama anasoma mfuko wangu.

"Ndugu wananchi," akasema kwenye kipaza sauti, "tumesubiri sana, na bahati nzuri Profesa mwenyewe ameshafika na, kama mnavyoona, alikuwa ameshaanza kazi kimyakimya, ndivyo walivyo wasomi! Tumkaribishe!"

Makofi. Nikageuka nyuma nimtafute huyo Profesa. Nyuma kulikuwa na ukuta.

Hapo ndipo ningesema, "Samahani, mimi ni fundi bomba." Ni maneno machache, nayajua yote. Lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshafika mkononi, watu kama mia wananitazama, na safu ya pili, kwenye benchi la upande wa dirisha, nikamwona baba mkwe wangu.

Sasa ngoja niwaeleze habari za baba mkwe. Mzee Yonathani wa Vuga, mwalimu mstaafu, kiongozi wa kwaya ya kanisani, mtu ambaye suruali yake ina mkunjo hata akienda shambani. Siku nilipokwenda kumposa Neema aliniuliza nimesoma mpaka wapi, nikamwambia, akaomba maji ya kunywa. Tangu hapo salamu zetu ni za mlangoni. Haoni mbali vizuri, miwani anayo ila huiweka mfukoni ili isichakae. Nikajua nikisema mimi ni fundi bomba, baba mkwe atajua kwamba mkwewe amekamatwa mbele ya kadamnasi amevaa nguo ya mtu. Nikaona afadhali niseme maneno mawili ya heshima, nikae. Nikabadili sauti, nikaanza kuongea kwa puani kama mtu wa redioni.

"Figo," nikasema, "ni nyumba."

Sijui ilitoka wapi. Ila ilipotoka nikaifuata. Nikawaambia figo ni nyumba yenye mabomba mengi membamba, maji machafu yanaingia, yanachujwa, masafi yanarudi mwilini na machafu yanatoka. Wapangaji wa nyumba hiyo ni zile chembe hai. Wapangaji wakifa, nyumba haifanyi kazi. Sasa hawa wataalamu wanatafuta nyumba nyingine, wanawatoa wapangaji wa zamani wote, wanaosha mpaka hakuna hata harufu, zinabaki kuta na mabomba, halafu wanaingiza wapangaji wapya ambao ni damu ya mgonjwa mwenyewe, ili mwili usiwafukuze kama wageni. Nikawaonyesha mtungi: "Hapa wanahama. Hii sehemu nyeupe wameshahama."

Ukumbi ukasema "Ahaaa!" kwa pamoja, nami, Mungu anisamehe, nikasikia utamu. Mlangoni nikamwona Daktari Rehema amerudi, simu mkononi, mdomo wazi. Nikamtazama kwa macho ya kuomba aje aniokoe. Akatazama watu, akaona wanaitikia kwa vichwa, na badala ya kunisimamisha akanifanyia kwa mkono: endelea, endelea. (Baadaye aliniambia amewahi kueleza jambo hilo kwenye vijiji kadhaa na watu walikuwa wakisinzia.)

Mzee Bakari, mkulima wa kabichi mwenye kofia ya kufuma, akasimama. "Profesa, nimesikia kwingine wanatumia nguruwe."

"Ni kweli, Mzee," nikasema, nikikumbuka maneno ya Rehema, "figo zake zinakaribia ukubwa wa zetu."

"Sasa nyumba ya nguruwe, hata ukiwatoa wapangaji wote, si bado ni nyumba ya nguruwe?"

Ukumbi ukalipuka. Wa benchi hili wanasema ndiyo, wa benchi lile wanasema ukishaiosha ni nyumba tu, mama mmoja anasema mgonjwa mahututi haulizi mwenye nyumba, na mimi katikati nikasema tu kwamba hii ya leo ni ya mbuzi, mbuzi wa hapahapa, kachinjwa kihalali.

"Na nyama yake ilikwenda wapi?" akauliza mtu wa nyuma.

Katika kelele hizo mlango ukafunguliwa, akaingia mtu mmoja ametapakaa matope mpaka magotini, nywele zimejaa ukungu, ana majani ya kabichi begani. Kumbe alikuwa ameliacha gari kwenye mawe, akavuka kwa miguu, akadandia lori la kabichi upande wa pili. Akasema kwa upole, "Samahani, mimi nimechelewa..." Mshereheshaji akamkata: "Wewe ndiye fundi bomba? Kaa huko nyuma, Profesa anaongea." Akatazama mbele, akaliona koti lake, lililotangulia na mizigo. Akakaa.

Ndipo Mzee Yonathani aliposimama. Akavua kofia, akapita katikati ya mabenchi polepole, watu wakampisha, akaja mpaka mbele yangu, hatua mbili tu, nikawa naona mvi za nyusi zake.

"Daktari," akasema, "umri ni wangu, lakini elimu ni yako." Akainamisha kichwa. "Shikamoo."

Nyie. Baba mkwe. Mimi nikiingia kwake huwa nainama mpaka mgongo unauma. Kichwa changu kilikuwa kinapiga kelele usiitikie, Elia, usiitikie, kohoa, anguka, zimia, lakini mdomo una mazoea yake, ukisikia shikamoo unajibu wenyewe.

"Marahaba," nikasema. Na kana kwamba hiyo haitoshi, nikaongeza, "Hujambo?"

"Sijambo," akajibu baba mkwe wangu, kama mtoto wa shule.

Kisha akaanza kueleza. Mke wake, yaani mama mkwe wangu, miguu inavimba, shinikizo la damu lipo juu, walipokwenda kupima wakaambiwa figo zimeanza kuchoka, na wakizembea atafika mahali pa kusafishwa damu kwa mashine, mashine zenyewe ziko mbali. Mimi nilijua anaumwa. Sikujua kama ni hivyo. Neema aliniambia mama hajisikii vizuri, nami nikasema itakuwa sawa, nikaendelea na koki zangu.

"Watoto wangu wako mbali," akaendelea, "aliye karibu ni binti mmoja, ameolewa na fundi bomba hapa mjini. Mtu wa kuungaunga. Aliniungia bomba nyumbani, linavuja mpaka leo. Mkewe alipomweleza habari za mama, alisema 'itakuwa sawa'." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Ningekuwa na mkwe kama wewe ningekuwa na wa kumuuliza. Basi nakuuliza wewe. Hii figo, itakuwa tayari lini?"

Jibu nililijua. Rehema alishaniambia nikiwa chini ya meza: bado sana, wako maabara, hawajaweka kwa mtu, na hawajui. Lakini yale maneno ya kuungaunga yalikuwa yameniingia kama msumari, na macho ya yule mzee yalikuwa karibu mno, na nilitaka mara moja tu maishani anitazame vile alivyokuwa ananitazama.

"Mwakani, Mzee," nikasema.

Vigelegele! Akina mama wa Mtae wakasimama, Mzee Bakari akasema alhamdulillahi, Mzee Yonathani akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akafumba macho, akaanza kuomba kwa sauti, anambariki mama aliyenizaa (ambaye yeye hasalimiani naye), na mimi nimesimama na machozi chini ya barakoa. Rehema alikuwa anakuja mbio katikati ya mabenchi anatikisa kichwa. Na nyuma yangu kitu kikasema *pfff*.

Koki, ndugu zangu. Koki ilikuwa bado iko wazi mpaka mwisho.

Povu lilikuwa limeumuka kimyakimya muda wote niliokuwa nahutubia, limejaa mtungi, limepita mdomo, limeteremka mezani kama ukungu wa kule mlimani, na sasa ule mpira niliouunga ukachomoka kwenye klipu ukasimama wima kama nyoka, ukatema maji ya sabuni, na ukamtemea nani? Ukammwagia Mzee Yonathani usoni katikati ya sala, mdomo wazi kwenye "Amina".

Profesa wa kweli angepiga yowe. Mimi nilifanya kile ninachokijua: nikaruka juu ya meza, nikaziba mpira kwa dole gumba, nikapaza sauti yangu halisi, "Fungeni koki! Nani yuko karibu na koki!" na kwa mkono wa pili nikachomoa spana kutoka mfuko wa nyuma. Kofia ikaenda huku, barakoa ikaning'inia sikio moja. Mtungi ukapinduka. Figo ikatoka na povu lake, ikateleza mezani, ikadondoka, ikapita chini ya benchi la kwanza, ikapita chini ya la pili.

"Inatembea!" akapiga kelele mama mmoja. "Figo inatembea!"

Watu wakapanda juu ya mabenchi. Rehema analia, "Msiikanyage! Jamani msiikanyage!" Mshereheshaji akaikwepa, akateleza, akakaa chini na tai yake kwenye povu. Figo ikafika nyuma, na yule mtu wa matope akajitupa chini kama golikipa, akaidaka kwa mikono miwili, akainuka nayo kifuani.

"Nimeipata, Profesa," akaniambia.

Mzee Yonathani alikuwa anajifuta uso kwa kofia. Taratibu akatia mkono mfukoni, akatoa miwani, akaivaa. Akanitazama kuanzia spana mpaka kichwani.

"Elia?"

Nikashuka mezani. Nikalivua koti, nalo limeshalowa, nikabaki na sweta langu lililolowa, nikapiga goti kwenye povu. "Baba, ni mimi. Nimekudanganya. Sijui itakuwa tayari lini. Hakuna anayejua. Mimi ni fundi bomba tu, na hata bomba lenyewe mmeliona."

Nilisubiri anipige kwa kofia. Ningeshukuru. Lakini alisimama pale, maji yanamchuruzika kwenye nyusi, kama mtu anayepiga hesabu ngumu.

"Nimekuamkia," akasema hatimaye. "Nimekuamkia, nawe umeitikia." Akaikamua kofia. "Na ukaniuliza hujambo."

Akatoka nje. Hakuna aliyecheka mpaka alipofika mlangoni, na hapo nadhani kicheko chao kilisikika Soni.

Huyo Profesa wa kweli ndiye aliyemfuata. Nilisimama mbali kwenye ukungu nikisikia anamwambia ukweli wote bila kuupaka sukari: kwamba kazi hii ni ya miaka, na huenda yeye mwenyewe akastaafu kabla mtu wa kwanza hajawekewa, kwamba asimngojee mtu yeyote wa maabara, lakini figo zilizochoka bado ni figo, zinaweza kulindwa muda mrefu, kwa dawa za shinikizo kila siku bila kukosa, chumvi kidogo, na kliniki kila tarehe anayopangiwa. "Anayetakiwa sasa," akasema, "ni mtu wa kumpeleka kliniki." Mzee Yonathani akaitikia kwa kichwa. Hakugeuka kunitazama.

Kesi yangu ilisikilizwa Vuga wiki iliyofuata, mbele ya wajomba wanne. Neema alikaa upande wa kwao (nikamwelewa). Walinitoza faini ya beberu mmoja, na kwa nini beberu, hakuna aliyehitaji kueleza. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu juu ya mto, amejifunika kanga usoni, mabega yanatetemeka, nikadhani analia kwa uchungu wa kuahidiwa figo ya uongo. Nikamsogelea kumwomba radhi. Akashusha kanga. Alikuwa anacheka mpaka hana pumzi.

"Baba Neema," akamwambia mumewe, "hebu nionyeshe tena ulivyoinama."

Mzee akasema huu ni mkutano wa heshima. Lakini mdomo wake upande mmoja ulikuwa umecheza kidogo, niliuona.

Tangu siku hiyo mimi ndiye ninayempeleka mama mkwe kliniki. Sikuombwa. Nafika na pikipiki ya rafiki yangu, namfunika blanketi, tunashuka polepole, tunakaa foleni, nampimisha, narudi naye na karatasi ya vipimo ambayo Mzee Yonathani anaisoma kwa miwani mara mbili kabla ya kuikunja. Miguu imepungua uvimbe. Mengine hatuyajui bado. Lile bomba la nyumbani kwake nimelifumua lote nikaliweka upya.

Na wale wataalamu walinipigia tena, wanataka niwaundie mipira mipya yenye viungo visivyochomoka, nimekubali, ila nimewapa sharti moja: kazi yangu niifanye kabla wageni hawajafika, nikimaliza niondoke kwa mlango wa nyuma. Maana nimeapa, jamani, mbele ya wajomba wanne na beberu, kwamba sitajibu tena kitu nisichokijua. Hata nimezidisha. Juzi mgeni mmoja alinisimamisha sokoni akaniuliza njia ya kwenda Mtae, njia ambayo nimeipita tangu nikiwa mgongoni kwa mama, na nikamwambia, "Kaka, mimi ni fundi bomba, tafadhali muulize dereva."